Wiki Saba Bila Intaneti Spånga

Niliwahi kukaa kwenye simu saa moja na dakika hamsini nikisubiri mtu wa kampuni ya intaneti apokee. Niliweka spika, nikaoga, nikasonga ugali, nikala, nikaosha sufuria. Mashine ikaniambia mimi ni mtu wa kumi na moja kwenye foleni.

Wakati naingia kuoga nilikuwa wa tisa.

Hadi leo sijui hao wawili walinipitia wapi.

Naitwa Juvénal. Nimezaliwa Uvira, Kongo, lakini Kiswahili changu kimepikwa Kigoma, kambini, ndiyo maana nikikasirika natukana Kitanzania. Haya yalinikuta mwaka 2010. Nilikuwa nakaa Spånga, Uswidi, ghorofa ya tatu, na mke wangu Concessa na binti yetu Shalom, mwaka mmoja na nusu. Kampuni yenyewe siitaji. Nitawaita Wale, maana hata heshima ya kuitwa jina hawastahili.

Sasa sikiliza kwa nini nilikuwa nahangaika hivyo. Haikuwa mpira wala sinema.

Mama yangu, mama Léontine, alibaki Kigoma mjini na mdogo wangu Fidèle. Mwezi wa kwanza mwaka ule daktari alimwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilikuwa linafuata, na dawa ya matone ingelichelewesha tu, labda mwezi, labda miwili.

Mama hakulia. Alimwambia Fidèle anataka kumwona mjukuu wake kabla giza halijaingia. Tulishampelekea picha, akasema picha ukiiita haigeuki.

Basi tukapanga. Jumamosi, saa nane mchana kwangu, Fidèle atampeleka kwenye kibanda cha intaneti, wawashe Skype, mama amwone Shalom akitembea. Mimi nikanunua hadi kamera mpya ya kubandika juu ya kompyuta.

Alhamisi intaneti ikafa.

Taa ya kijani kwenye kile kisanduku cha intaneti ikawa nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nyekundu. Nikapiga simu kwa Wale, nikapewa binti mmoja mwenye sauti laini, akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha.

Nikamwambia nimezima na kuwasha mpaka kidole kina sugu. Akaniomba nizime na kuwasha.

Mara ya pili nilipewa kijana aliyetaka kujua kama naishi Spånga kweli. Mara ya tatu wakaniambia wamenitumia kisanduku kipya kwa posta. Nikaenda kukichukua dukani, maana huku posta iko dukani, nikakifunga. Taa nyekundu. Ilikuwa nyekundu nzuri zaidi kuliko ya kwanza, hilo nakiri.

Jamani, hawa watu wanatangaza kwenye kila kituo cha treni. Bango kubwa, familia ya weupe wenye meno imekaa kwenye sofa, inacheka na kompyuta. Mimi kila asubuhi nasubiri treni ya kwenda kiwandani Södertälje, nalitazama lile bango, natamani kulitemea mate.

Mwisho wakasema watatuma fundi. Atakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo ahadi yao. Hata Yesu akirudi atatoa muda mfupi zaidi ya huo.

Nikaomba ruhusa kazini. Nikakaa dirishani tangu saa moja na nusu, naangalia uani, chai ya nne inapoa mkononi. Hakuja mtu. Keshokutwa yake ikaja barua: tulikutafuta hatukukupata, tafadhali weka miadi mingine.

Hatukukupata! Nimekaa nyumbani kama kuku anayeatamia, halafu wananiambia hawakunipata.

Nikawapigia nikawatolea uvivu kwa Kiswidi changu chote, na kilipoisha nikaendelea kwa Kifaransa. Wakapanga siku nyingine. Nikakaa tena. Ikaja barua ile ile. Hata koma hawakubadilisha.

Tukaingia wiki ya tatu, ya nne.

Hapa nimtaje jirani yetu Owuor, Mkenya wa ghorofa ya chini, anayefanya kazi nyumba ya wazee. Owuor alikuwa na kile kijiti cha intaneti unachochomeka ubavuni mwa kompyuta. Kilikuwa na kasi ya konokono mjamzito, na mimi nilikuwa nakicheka waziwazi. Nilikiita kijiti cha meno. Akija kwangu kabla taa haijawa nyekundu, nilimwonyesha video inavyokwenda bila kukwama, kumringia tu.

Aliposikia habari za mama akapanda juu mwenyewe. Akasema, kaka, njoo na mtoto kwangu Jumamosi, kitakwamakwama lakini mama ataona.

Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikaona ananisimanga. Nikamwambia mama yangu hawezi kumwona mjukuu wake vipande vipande kama nyama ya mshikaki, tutasubiri kitu kizuri.

Alipotoka, Concessa alifunga mlango. Akasema, "Mdharau mwiba, mguu huota tende."

Nikamjibu kwamba tende litawaota Wale. Akaenda kumbembeleza mtoto.

Fidèle naye akanitumia ujumbe mfupi: mama anataka kuongea na wewe. Nikamjibu awe mvumilivu, intaneti inatengenezwa, ataniona kabisa, kuongea tu bila kuonana kuna raha gani. Nilijiona nimejibu jibu la mwanaume mwenye mipango.

Kuna kitu kingine nilipaswa kukitaja mapema. Mtu yeyote aliyewahi kuishi Ulaya miaka ile atanielewa.

Sisi tulikuwa hatupokei simu isiyo na namba.

Simu za kutoka nyumbani Afrika wakati huo, hasa za vibanda vya simu, zilikuja bila namba. Kwenye kioo yanatokea maneno mawili tu, "skyddat nummer," namba iliyofichwa. Ukipokea, umekwisha. Kulikuwa na binamu yangu Cyprian, alinipigia kila siku kwa miezi mitatu akitaka laptop. Kulikuwa na rafiki wa kambini aliyetaka viatu namba arobaini na tatu, na mwingine aliyetaka nimtafutie mke Mswidi, asiwe mnene. Ukimwambia huna, anakuambia umebadilika.

Basi tukajifunza. Simu haina namba, bonyeza nyekundu. Kidole changu kilikuwa kinafanya chenyewe, hata sihitaji kutazama. Kanisani tulikuwa tunachekana kabisa, simu ikilia mtu anauliza, "Ni Afrika?" na mwenyewe anakata huku anaimba.

Na kipindi kile cha kumsubiri fundi, kana kwamba wamepanga, Afrika ilipiga kuliko siku zote. Nimekaa dirishani nawasubiri Wale, simu inalia. Namba iliyofichwa. Nakata. Inalia tena, nakata. Nikamwambia Concessa, huyu Cyprian hana kazi ya kufanya.

Wiki ya saba, Jumatano. Miadi ya nne. Nilishakata tamaa, nimelala kwenye sofa na soksi. Saa tano mlango ukagongwa.

Nikafungua. Owuor amesimama hapo na mkoba wake wa kazini, na nyuma yake kuna Mswidi wa miaka kama hamsini, amebeba sanduku la vifaa, uso umechoka. Owuor akasema amemkuta nje ya mlango mkuu, anatetemeka kwa baridi, hana namba za kufungulia.

Kwa asiyejua: majengo yetu mlango wa chini haufunguki bila kubonyeza namba za siri, na nje hakuna kengele. Aliye nje hupiga simu, wa ndani akashuka. Na mlango huo uko upande wa barabarani. Mimi siku zote nilikuwa nimekaa dirisha la uani.

Yule bwana akavua viatu vizuri, akavipanga ukutani. Jina lake Håkan. Nikaanza kumwaga sumu palepale koridoni. Nikamwambia wiki saba, nikamwambia mama yangu, nikamwambia kampuni yao ni genge la wavivu wenye mabango.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa karatasi kwenye sanduku, akanipa.

Tarehe mbili Machi, saa nne na dakika kumi, nimepiga mara tatu, mteja anakata. Tarehe kumi na sita, saa saba na nusu, nimepiga mara mbili, mteja anakata. Tarehe ishirini na tano, mara nne. Zote ameziandika kwa mkono, kwa mwandiko wa mtu mwenye subira.

"Nilikuwa nasimama pale chini," akasema. "Nilidhani hunitaki."

Nikamwambia anadanganya. Hakubisha. Alitoa simu yake ya kazi, akabonyeza.

Simu yangu ikatetemeka juu ya meza. Skyddat nummer.

Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe chekundu kabla sijajua nafanya nini. Owuor aliona. Håkan aliona. Nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Kampuni yao, akanieleza, inaficha namba za mafundi ili wateja wasiwasumbue. Ujinga wa kwao huo, na sijausamehe. Mtu anakufuata nyumbani kwako na namba imefunikwa uso kama mwizi. Lakini ule wa kukata ulikuwa wangu.

Alishuka chini kwenye stoo ya jengo, akafungua kisanduku cha waya, akarudi. Dakika sita. Waya mmoja ulikuwa umechomoka. Taa ikawa kijani.

Jumamosi ikafika. Siku moja kabla nilimpigia Fidèle, nikamwambia tayari, na amwambie mama kwamba Shalom atavaa gauni jekundu, lile Concessa alilonunua Sundbyberg kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi mtoto akalimwagia uji. Concessa akambadilisha, akamvika la njano.

Saa nane kamili Skype ikaita. Picha ikaja safi, haijawahi kuja vile. Nilimwona mama na kitenge chake cha kanisani, amekaa wima, mikono mapajani. Kukonda amekonda. Fidèle amesimama nyuma, mkono begani mwake.

Nikamnyanyua Shalom, nikamsimamisha mbele ya kamera. Akapunga mkono, akasema, "Hej hej, farmor." Farmor ni bibi mzaa baba kwa Kiswidi. Mama akacheka mpaka akajishika kifua. Akamwambia atembee, na mtoto akatembea, akaanguka kwa makalio, akainuka. Mama akapiga makofi.

Nilijisikia mshindi. Nakumbuka niliwaza jinsi nitakavyomsimulia Owuor kwamba haikukwama hata mara moja.

"Mwanangu," mama akasema, "hilo gauni jekundu limemkaa vizuri sana."

Nikamtazama Shalom. Njano. Nikamtazama Concessa, ameziba mdomo kwa kiganja.

Nikarudi kwenye kioo. Mama anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kidogo pembeni, kule sauti inakotokea. Fidèle alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo mama," nikasema. "Limemkaa."

Akaendelea kusifia. Akasema mtoto ana paji la uso la babu yake. Nilijibu kila neno. Sijui nilijibu nini.

Jioni nikampigia Fidèle. Akaniambia mama alikuwa anaona mpaka wiki ya tano. Kidogo, kwa kuinamia, lakini anaona. Alipohisi jicho linafungika alikwenda mwenyewe kibandani, ameshikwa mkono na mtoto wa jirani, akanipigia siku tatu mfululizo.

Nikauliza alitaka kusema nini.

"Alitaka kukuambia usisubiri intaneti nzuri," Fidèle akasema. "Uende hata kwa jirani. Hata ikwamekwame. Ulikuwa unakata. Akarudi nyumbani akasema uko kazini, tusikusumbue."

Na hili la gauni alilipanga mama mwenyewe. Alimwapisha Fidèle asiniambie, maana nimehangaika mno na hao watu wa waya, nisije nikaona nimehangaika bure.

Mama alifariki mwaka 2013. Hadi mwisho hakuwahi kuniambia kwamba hakuona, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba najua.

Wale niliwahama. Kampuni mpya nayo ni takataka vilevile, bango lao lina mbwa. Sijaja hapa kuwatetea, na akitokea mtu wao anasoma, namba mlizoficha zifichueni, hamna aibu.

Ila wewe unayeishi huku, unayejua ninachosema. Simu isiyo na jina ikilia, ipokee. Akiwa mwombaji, mwambie huna. Atasema umebadilika, na wewe utalala usingizi wako. Mimi nilidharau kampuni, nikadharau kijiti cha jirani, nikadharau kila aliyepiga kutoka nyumbani nikidhani wote wana shida ya kuomba.

Mama naye alikuwa anaomba, kweli. Aliomba nishuke ngazi mbili tatu nibishe hodi kwa Owuor.