Ile Pause Niliyoitoa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya Personnel, wanaume wanne waliingiza ordinatere, kompyuta yetu ya kwanza, wakihema kana kwamba wamebeba injini ya treni. Mimi nilikuwa dactylo, mpiga chapa, miaka mingi tayari katika ofisi nyingine za kampuni. Diploma yangu ya shule ya jioni, kule mtaa wa Kenya hapahapa mjini kwetu, ilikuwa bado inanuka wino. Shefu wa Service, mwenye sauti ya kutoka mtaa wa Ruashi ikafika Luano bila simu, aliniita mbele ya wote: "Mama Ngalula, weye ulisoma informatique. Hii nyama ya pori ni yako, uifuge."

Nikaifuga. Ninyi wa leo mnagusa kioo tu. Sisi tuliandika skripti, yaani amri zilizopangwa mstari kwa mstari ndani ya faili, mashine izifuate yenyewe. Wiki nzima skripti yangu ilikataa: nikiibofya, Windows inanifungulia maandishi tu, kama barua ya mchumba. Kumbe Bloc-notes, pale nilipoandikia, ilibandika .txt nyuma ya jina la faili, na Windows ikauficha mkia huo. Nilipoukata ikabaki .bat, dirisha jeusi likafunguka. Nilipiga kigelegele hadi mlinzi wa getini akaja na rungu.

Mistari ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulifuta disketi, maana disketi zilikuwa adimu kuliko meno ya kuku. Wa pili ulinakili humo dosie, yaani folda, iliyoitwa ZAIRE, yenye miaka ya kazi ya kila mfanyakazi. Wa tatu ulikuwa neno moja, pause: dirisha lisifungwe mpaka mtu abonyeze kitufe. Kila Ijumaa nilisoma kwanza mashine imesema nini, ndipo nikabonyeza.

Shefu hakulipenda.

"Mama, hii fenêtre nyeusi iko nangojea nini? Bageni banaingia, banasema mashine imekufa."

"Inangojea tusome, Shefu."

"Kusoma nini? Ikijifunga, kazi imeisha. Toa!"

Nikautoa mstari wa tatu. Hata karatasi za zamani za miaka ya kazi alituamuru tuzichome: "Sasa tuko moderne."

Kisha nchi ikabadilishwa jina. Mihuri, mabango, bendera, kila kitu kilibatizwa upya. Nilidhani hata mbwa wa mjini watapewa majina mengine. Shefu, kwa woga wa wakubwa wapya, alikaa mbele ya mashine asubuhi moja, akaandika kwa vidole viwili: dosie ZAIRE ikawa CONGO. Hakuniambia. Ijumaa nikaendesha skripti. Dirisha likapepesa, likafungwa.

"Unaona? Mbio!" akashangilia.

Ijumaa baada ya Ijumaa nilifungia disketi katika kabati la chuma kama dhahabu. Siku watu wenye bunduki walipoibeba ordinatere, wawili walitosha; walikuwa na haraka. Sikulia. Disketi si ninayo?

Kampuni ilipoanguka, wakurugenzi wapya wakatangaza: atakayethibitisha miaka ishirini ya kazi atabaki na nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi. Jirani yangu Papa Ilunga, fundi wa tanuru, akaja kofia mkononi.

"Mama Ngalula, jina yangu iko mu disketi yako, ao?"

"Iko, Papa. Usiogope."

Tuliazima mashine kwenye parokia, nikaingiza disketi mbele yake. Tupu. Skripti ilikuwa imefuta kwa uaminifu, halafu ikatafuta ZAIRE ambayo haikuwepo tena. Ililalamika, dirisha likafungwa juu ya malalamiko yake.

Papa Ilunga akagonga kioo kwa kidole. "Mashine haikusema?"

"Ilisema, Papa. Mi njo nilifunga kinywa yake."

Walimtoa na kitanda chake na kuku wake. Nami wakanitoa, maana miaka yangu ilikuwa katika dosie ileile. Shefu mpaka leo anahubiri kwamba mashine ilimsaliti. Mashine, maskini! Ilitii kuliko sisi sote, na mimi nilitii kuliko mashine. Hicho ndicho kinachoniuma uzeeni, kuliko magoti.

Nikipita Ruashi, Papa Ilunga huniita kutoka nyumba yake ya matofali mabichi: "Mama Pause!" Majirani hucheka, nami nacheka, kucheka nimekuzoea. Lakini siingii. Nasimama palepale getini mpaka aniambie mwenyewe niingie.