Mluzi wa Tangini

Jiko kubwa la kiwanda cha mikate lilikuwa na ugonjwa wa kupiga mluzi. Fundi yeyote angekwambia sababu yake: maji yamejikusanya kwenye bomba la gesi, na gesi ikipita hapo inalia. Dawa yake ni kufungua koki ndogo iliyo chini ya bomba, maji yakamwagika, basi, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Mama Mikate, aliyekuwa mkuu wa jiko hilo, alikuwa amekataza katakata koki hiyo isiguswe na mtu yeyote tangu mumewe alipofariki.

Mumewe alikuwa mwashi, na ndiye aliyejenga tangi la gesi nyuma ya kiwanda. Wafadhili, ambao wenyewe walipenda kuitwa washirika, nasi tukawaita hivyo ili waridhike, walileta saruji, mabomba na mtaalamu wa kuchora ramani. Kikundi cha akina mama kikaleta mawe, mchanga na samadi ya ng'ombe wa mtaa mzima. Tangi lenyewe limechimbiwa ardhini, na mdomo wake mtu mmoja anaupita kwa taabu. Samadi inaoza humo ndani, gesi inapanda, inakuja jikoni. Zamani kuni zilikuwa zinakula faida yote. Mama anaoka, anauza, anabaki na moshi machoni. Moto wa samadi ulipowaka, mikate ikafika mpaka shuleni na zahanati, na wanawake waliokuwa wakitega sufuria chini ya mabati yanayovuja wakaezeka upya. Hilo lazima lisemwe. Tangi lile limetulisha, na limemuua aliyelijenga.

Ilikuwa hivi. Tope likijaa chini ya tangi, mtu hushuka kulichimbua. Hewa iliyobaki humo haina simile: inakulegeza kabla hujajua kwamba umelegea. Kwa hiyo mwashi aliweka sheria yake. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na muda wote awe anapiga mluzi. Mluzi ukikatika, vuta, usiulize. Mkewe ndiye alikuwa mshika kamba wake, maana mwashi alisema hakuna anayemsikiliza kama yeye, hata nyumbani akitaka asisikilizwe. Mluzi wa yule bwana ulikuwa msafi, umenyooka, unapanda polepole na kushuka polepole, mpaka watu walikuwa wanakuja kusimama pale kuusikiliza tu.

Siku ya kifo chake alikuwa ameshuka tangini, na wageni wa mradi walikuwa wanakuja kupiga picha. Gari likapiga honi getini, nasi, kwa ule ugonjwa wetu wa kumwona mgeni na kutupa kila kitu, tukalikimbilia tukipiga makofi. Mwenyekiti wa kikundi akamshika mkono Mama Mikate. "Njoo uwasalimie, mwenzangu. Wewe ndiye mwenye jiko, watakuulizia." Mluzi ulikuwa unasikika vizuri. Mama Mikate akaifunga kamba kwenye kigingi, akaenda, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwenye picha. Aliporudi, tangi lilikuwa kimya.

Matanga yalipokwisha akawasha jiko, na jiko likapiga mluzi. Unapanda polepole, unashuka polepole. Aliketi kwenye gunia la unga akalia mpaka shingo ikamuuma. Tangu hapo akawa anakanda huku akilisimulia jiko habari za nyumbani: nani kafaulu mtihani, mbuzi yupi kavunja ua. Wenzake waliona, wakanyamaza. Nani angethubutu kumnyima mjane maneno mawili na mumewe?

Sasa tangi likaziba tena. Moto ukapungua ukawa wa kuchemshia chai tu, mikate ikatoka mibichi katikati, na shule zikatuma ujumbe kwamba zitatafuta mahali pengine. Baada ya msiba washirika walikuwa wameahidi pampu ya kunyonya tope, mtu asishuke tena. Ahadi ilikuwa bado iko njiani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, naye mwashi, akaja jikoni. Huyu alikuwa hana meno mawili ya mbele. Yalibaki chini ya ngazi moja mbovu.

"Shemeji, nitashuka mimi. Utanishikia kamba?"

"Subiri pampu."

"Pampu hiyo nimeanza kuisikia nikiwa na meno."

Mama Mikate alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka linalozungumzwa. "Mtafute mtu mwingine. Mimi unanijua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nani mwingine ana sababu kama yako ya kutoiachia?"

Mama Mikate akalitazama pengo lake. "Na huo mluzi wako? Unavuja kama ndoo ya zamani."

"Ukiusikia unavuja, jua shemeji yako mzima."

Akakubali shingo upande. Mfuniko ukaachwa wazi siku kadhaa, wakapunga hewa kwa matawi, wakateremsha kuku kwenye kikapu, naye akapanda juu akiwa mzima na amekasirika. Asubuhi ya kazi Mama Mikate alipiga magoti mdomoni mwa tangi, kamba kaizungusha kiganjani mara mbili. Nyuma yake walisimama muuza maziwa na majirani wawili wa kusaidia kuvuta. Shemeji akashuka. Mluzi wake ukaanza, upepo mwingi sauti kidogo, na muuza maziwa akasema bora wangemwacha aimbe.

Walicheka. Kisha getini likapigwa honi.

Mwenyekiti akaja mbio, kanga inamdondoka. "Wageni! Wameileta pampu, jamani, wameileta!" Akaunyoosha mkono kumshika Mama Mikate, kama siku ile, halafu mkono ukamwishia hewani. Alikuwa amekumbuka naye.

"Wakitaka kunisalimia waje hapa," Mama Mikate alisema bila kugeuka.

Akainamisha sikio. Mluzi ulikuwepo. Tena ulikuwa mzuri kuliko mwanzo. Ulipanda polepole, ukashuka polepole, na mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu alfajiri, yakalegea. Furaha ikamjaa kifuani, furaha ya mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa na anayemngoja. Nusura aanze kusimulia kwamba binti yao kapata kazi. Mluzi ulikuwa msafi, umenyooka, hauna hata tone la upepo.

Hauvuji.

Humo ndani mwenye meno ni nani?

"Vuteni!" alipiga yowe. "Vuteni, vuteni!"

Walivuta. Shemeji alitoka kichwa kimeanguka kifuani, mikono inaning'inia, midomo imebadilika rangi. Wakamlaza nyasini. Wageni walikuwa wamefika, wamesimama na tabasamu zao za salamu, hawajui wazipeleke wapi. Mama Mikate alimpiga mgongoni, akamtukana, akamwita kwa jina la marehemu bila kujua, mpaka yule mtu akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Mluzi ulikatika muda mrefu?" Mama Mikate akamuuliza muuza maziwa.

"Ulikatika, Mama. Lakini wewe ndiye msikilizaji, tukawa tunakutazama usoni. Ulikuwa unatabasamu. Tukajua mambo shwari."

Mama Mikate alizitazama nyuzi za kamba zilizomchubua kiganja, na hofu aliyoisikia haikuwa ya tangi.

Pampu ikafanya kazi yake. Siku hizi hakuna anayeshuka, na hiyo ni heri kubwa. Gesi iliporudi, Mama Mikate akawasha jiko mbele ya wenzake wote. Jiko likapiga mluzi. Unapanda polepole, unashuka polepole. Wenzake wakangoja aanze mazungumzo yake, lakini alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kama marehemu alikuwa akimwonya siku ile, au alikuwa akimbembeleza asivute, hakujua. Alikuwa mumewe, alimpenda, na hakujua.

Akatuma aitwe shemeji, ambaye bado alikuwa anatembea kwa kujikongoja.

"Fungua koki."

Alimtazama sana. "Una hakika, shemeji?"

"Fungua kabla sijabadili mawazo."

Alipiga magoti chini ya bomba. Maji machafu yakamwagika kwenye ndoo, kidogo tu, hayakujaa hata kikombe. Mluzi ukadhoofika, ukakatika. Moto ukabaki unawaka vizuri, wa bluu, hausemi neno. Mama Mikate alijishika kinywa. Akaweka mikono kwenye unga, ikakataa kukanda.

Shemeji akanyanyuka aende.

"Usiende," alisema. "Kaa hapo. Nipigie mluzi."

"Mimi? Huu wangu unaovuja?"

"Huohuo," Mama Mikate alisema, machozi yakidondokea unga. "Na usinyamaze mpaka nikwambie."