Kitambaa Juu ya Mashine

Dada yangu alikuwa akipalilia maharage kule Bisibo huku amejifunga kichwa kwa kitenge, kwa sababu kila alipoinama kichwa kiliuma kama kinataka kupasuka. Hospitali walimpa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo. Alipoanza kuona ukungu, wakamwambia anunue miwani.

Na muda wote huo mashine ya kupiga picha ndani ya jicho ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Niliuliza. Nesi akanijibu kwa upole kabisa kwamba ile ni ya wagonjwa wa kisukari, na ikitumiwa ovyo itaharibika. Sijui nani alitufundisha kwamba kitu cha thamani hakiguswi.

Baadaye akaja daktari mgeni, akakiondoa kile kitambaa, akampiga dada picha. Akatuonyesha kwenye skrini jinsi mshipa wa fahamu ulivyovimba nyuma ya jicho. Presha ndani ya fuvu ilikuwa juu, akasema, tena ya siku nyingi. Akamwandikia rufaa ya Mwanza hapo hapo.

Huko alitibiwa, kichwa kikapona. Jicho la kushoto halikurudi kuona.

Tuliporudi hospitali ile ya kwanza, yule daktari alikuwa amehamishwa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi na kurudishwa juu ya mashine. Dada alikisogelea, akakitazama kwa jicho lake moja, akasema kimefumwa vizuri.

Nesi akamshukuru.