Kidole Kilichoingia Dirishani

Nyumbani Kaloleni waliniita mtu wa pupa, na sikatai. Ningalikuwa na subira ningalikuwa karani. Badala yake, miaka ya hamsini ilipokuwa ikianza, niliingia kazini katika maabara ya hospitali hapa Kisumu, na huko nikapata kitu kilichonishika hadi uzeeni: damu ya watoto.

Daktari wangu, Mzungu mrefu aliyekuwa akisahau kula, aliwatafuta watoto wenye vidole vilivyovimba, macho ya manjano na maumivu ya mifupa. Alinifundisha kuweka tone la damu kwenye kioo, kuongeza dawa aliyoikoroga upya kila asubuhi, kufunika na kungoja. Maharagwe hayajaiva jikoni, chembe zilizokuwa duara kama chapati zimekwisha kujikunja zikawa mundu. Siku ya kwanza kuziona kwa hadubini nilipiga kelele hadi wauguzi wakaja mbio wakidhani nimejikata.

Daktari aliamini kwamba ugonjwa ule haumshiki mtoto mpaka aurithi kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao wenyewe huwa wazima. Alitaka familia ya kumthibitishia, nami niliitaka kuliko yeye.

Asubuhi moja ikaja, kutoka Asembo Bay. Mwanamume mwenye kofia mkononi, mama wa makamo aliyembeba msichana mdogo mgongoni, na mwanamke kijana mwenye furushi la nguo, ambaye alibaki nje karibu na dirisha.

"Na yule?" nikauliza.

"Huyo tunarudisha kwao Kano," mwanamume akasema. Mambo ya nyumba za watu hayakunihusu. Nikamgeukia yule wa makamo. "Wewe ndiye mama wa mtoto?"

"Ni mimi."

Nikawatoboa vidole. Ya mtoto: mundu tupu. Ya baba: mundu. Nikaanza kusugua mikono kwa furaha. Ya mama: duara. Nikangoja, duara. Nikamtoboa tena, bado duara! Daktari akatupa kalamu mezani, akasema labda amekosea tangu mwanzo, ugonjwa unaweza kutoka kwa baba peke yake. Mimi nilikasirika, nikataka kugombana na kile kioo.

Hapo mkono ukapenya dirishani, kidole kimenyooshwa. Alikuwa yule kijana.

"Bwana, toboa yangu."

"Ling'!" yule wa makamo akamfokea. "Nyamaza! Unataka kuua mtoto?"

"Mtoto ni yangu," akasema. "Mimi ndio nilizaa yeye."

Maneno yakatoka kidogo kidogo. Alikuwa amezika wawili. Wa tatu alipozaliwa, walimlaza njiani kama kitu kilichotupwa, na yule mama, jirani yao, akapita akamwokota, ili kifo kisimtambue. Tangu siku hiyo mama ni aliyeokota, na aliyezaa hathubutu kusema "wangu". Hakuna aliyetudanganya, tuliuliza, wakajibu kama desturi ilivyotaka. Sasa kwa kuwa huyu naye aliugua, ukoo ulikata shauri kwamba mzazi ana chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko, na arudi kwao.

"Dada," nikamwambia, "ukirudisha kidole, lawama itabaki kwa mume wako peke yake, maana damu yake imeonyesha mundu."

"Sitaki hiyo. Nataka kujua nilifanya nini watoto yangu wakakufa."

Nikamtoboa. Sijawahi kungoja kitu kwa moyo wangu wote kama nilivyoingoja damu ile. Mara chembe moja ikajikunja, kisha nyingine, kisha kioo kizima kikawa mundu! Nikampiga Daktari mgongoni, jambo ambalo mtu wa rangi yangu hakulifanya siku zile, naye akacheka kama mtoto.

Nikamwita mume aangalie damu yake, kisha ya mkewe.

"Zinafanana," akasema. "Sasa chira ni ya nani?"

"Hakuna chira, Mzee. Mlizaliwa na damu hii nyote wawili. Hakuna aliyekosa."

Akarudia kuangalia, yake kisha ya mkewe. Mkewe akaziba mdomo kwa mkono na kulia. Nilikuwa na furaha hata nikaona aibu, maana mtoto alikuwa bado mgonjwa na dawa ya kumponya hatukuwa nayo.

Walipotoka, mume aliokota lile furushi la nguo, akalikwapa mwenyewe, akashika njia ya kwenye mabasi ya Asembo, si ya Kano. Nikawakimbilia.

"Homa ikimshika, mtoto ataletwa na nani?"

Yule wa makamo akamtazama mwenzake.

"Mimi," kijana akajibu, kwa sauti iliyosikika uwanja mzima. "Mimi mama yake."

Jirani hakumkanya. Alifungua leso mgongoni, akampa mtoto wake.