Sahani ya Mika

Mzee Mika Mwaipyana wa Uyole hana ugonjwa wa kifua, ila kila siku hukohoa kabla ya kuingia nyumbani kwake. Akifika kwenye michongoma ya uani husimama, akakohoa mara mbili kwa sauti nene, akahesabu polepole mpaka kumi, ndipo akaingia. Katika muda wa hesabu hiyo mama mmoja wa miaka sabini na mbili anakuwa ameshajitupia kanga usoni, ametoka kwa mlango wa nyuma na kujibanza kwenye banda la kuku. Mama huyo ni Alinanuswe, mke wake wa ndoa ya kanisani, miaka hamsini na miwili sasa.

Asiyetoka Rungwe acheke kwanza, halafu asikilize. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na adabu yao. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, haketi naye chumba kimoja, hamsalimii. Wakikutana njiani, yeye mwanamke ndiye anayeingia majanini mzee apite. Akiwa na neno, hulituma kwa mtu. Mabinti wa leo wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, hewala, lakini Alinanuswe aliolewa enzi zile, na aliolewa nyumbani kwa Mwaipyana mkubwa, mzee mwenye upara, sharubu nyeupe na bega moja lililoshuka. Sasa Mika amezeeka akawa baba yake mtupu, upara kwa upara, sharubu kwa sharubu. Na kwa kuwa kichwa cha Alinanuswe kimerudi nyuma miaka hamsini, akimwona mume anamwona mkwe. Anamkimbia kwa heshima. Mika angeona afadhali atukanwe.

Haikuanza na kukimbia. Ilianza na chumvi, ambayo mboga moja iliipata mara tatu na ya kesho yake haikuipata kabisa. Simu ikakutwa kwenye debe la unga. Swali lililojibiwa sasa hivi likaulizwa tena, kwa sauti ileile, kama halijawahi kuulizwa. Akatafuta neno "kijiko" mpaka akalia. Akamshitaki jirani yake Bibie, mjane wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Bagamoyo na anayeuza maandazi ng'ambo ya uzio, kwamba amemwibia kitenge, na kitenge amekivaa mwenyewe. Siku moja alitoka ibada ya akina mama, njia aliyoipita miaka thelathini, akaokotwa njia panda ya kwenda Tukuyu akiulizia nyumba ya mama yake, marehemu wa siku nyingi.

Majirani walikuwa na majibu tayari, kama ilivyo kawaida ya majirani. Wengine walisema ni uzee tu, wengine wakanong'ona kwamba amechezewa. Mika yeye alikuwa anafoka. Alidhani mke wake hasikilizi makusudi, na hilo mpaka leo linamuuma.

Binti yao Severina, mwalimu huko Kilolo mkoani Iringa, ndiye aliyewashika mkono kuwapeleka kwa Daktari Afroz, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mbeya mjini, anayeongea Kiswahili cha sokoni Mwanjelwa hasa. Daktari hakuwa na haraka. Alimpima mama damu, akapima tezi ya shingo na upungufu wa vitamini, akampiga picha ya kichwa, kwa sababu, alisema, yapo maradhi yanayoiga kusahau na yana dawa, ni dhambi kuyapita. Hayakuwa hayo. Akaeleza kwamba dimensia si ugonjwa mmoja, ni gunia lenye maradhi kadhaa ndani yake. Ipo Alzaima, inayoua ubongo kidogokidogo na kuanza na kumbukumbu za juzi na jana, ikiacha za zamani kwa muda. Ipo ya mishipa ya damu, ambayo hushuka kama ngazi, mgonjwa yuko vile vile miezi kadhaa kisha ghafla anashuka kidato. Zipo nyingine, kama ile ya kuona watu wasiokuwepo na ile inayobadilisha tabia kabla ya kusahaulisha. Mama alionekana ana zile mbili za kwanza pamoja. Kurogwa hakumo, akasema, wala uzee peke yake hausahaulishi mtu mume wake. Kisha akauliza kuhusu presha.

Mika akatazama sakafu. Presha ilijulikana miaka kumi na miwili nyuma. Ni yeye aliyekuwa anamwambia mkewe vidonge ameze kichwa kikiuma tu, kwa kuwa dawa ukizizoea mwili unalegea. Daktari hakumsuta. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini kuanzia sasa vidonge ni kila siku. Wakati wa kuagana alimpa neno moja la nyumbani.

"Mzee, mama akikwambia yuko mwaka wa zamani, usimvute aje leo. Mfuate kulekule aliko."

Mika hakulipenda neno hilo. Yeye ni mzee wa kanisa, hajawahi kumwongopea mke wake. Kwa hiyo Alinanuswe aliposhuka kidato na kuanza kumkimbia, Mika alipigana kwa njia zake. Alinyoa sharubu. Akaacha kuvaa koti. Mwisho akamwomba Bibie ampake piko kwenye nywele chache zilizouzunguka upara, akatokea uani kama kunguru aliyenyeshewa. Alinanuswe alichungulia, akacheka ndani ya kanga mpaka mabega yakatikisika. Halafu akakimbia vilevile.

Kosa kubwa alilifanya siku ya mvua. Uvumilivu ulimwishia, akamvizia mlangoni, akamshika mkono na kumwambia yeye ni Mika, amtazame vizuri. Mkamwana gani atakubali kushikwa mkono na baba mkwe? Alinanuswe alijinasua kwa nguvu asizokuwa nazo, akatoka mbio kwenye matope, akaanguka mtaroni. Kifundo cha mkono kikavimba.

Severina aliposikia, hakugomba. Alisema kwa simu kwamba Jumamosi anakuja kumchukua mama, atakaa naye Kilolo. Nyumba yake ni ya vyumba viwili, na ndani ya vyumba viwili mama hana pa kumkimbia baba, kwa hiyo baba abaki. Mika alisema sawa. Mkono uliovimba ulikuwa umeshasema. Siku tatu zile alikaa kwenye benchi la barazani akimsikia mke wake akihangaika jikoni, hatua nane kutoka alipoketi, na hakuna mtu aliyekuwa mpweke Uyole nzima kuliko yeye. Mjane ana kaburi la kwenda kupalilia. Yeye alikuwa na mke hai asiyeweza hata kumwambia pole.

Jumamosi Severina alifika na begi tupu. Bibie alikuwa ameshakuja kusaidia kupika, maana tangu mkono uumie yeye hupika na Alinanuswe hupakua. Siku hiyo alikuwa amechinja kuku wa kuagana na kupika wali wa mchele wa Rujewa. Severina akaanza kukunja nguo za mama yake taratibu, akimwambia wanakwenda kutembea. Alinanuswe alimtazama kama mgeni mwenye adabu nzuri. Kisha akaona begi, akaelewa kwamba anaondolewa. Akashika mwimo wa mlango wa jikoni kwa mkono mzima.

"Dada," alimwambia Bibie, "nifikishie neno kwa baba mkwe, yuko pale barazani."

Bibie akasimama katikati ya ua, kati ya jikoni na baraza, hana pa kuweka mikono yake. Kila kitu Mika alikuwa anakisikia, lakini neno la mkamwana halipokelewi mpaka liletwe.

"Mwambie asinirudishe kwetu. Kijana wake yuko Makongolosi. Alisema atarudi wakati wa mavuno, na mavuno yamepita. Kila jioni namwekea sahani. Nikiondoka, siku akirudi nani atamfunulia? Mwambie simsemi mwanawe vibaya. Niko peke yangu tu."

Mika alikuwa na miaka ishirini na mitano alipokwenda Makongolosi kuchonga mbao za kukinga mashimo ya dhahabu. Aliahidi miezi minne, akakaa kumi na minne, bila barua hata moja, kwa sababu ya ujana na marafiki na pombe. Jioni aliyorudi bila taarifa alikuta sahani imefunikwa, akaona ni bahati ya mwanaume mwenye njaa. Alikula. Miaka hamsini hakuwahi kuuliza ile sahani ilikuwa ya nani.

Bibie akamsogelea, akaanza kurudia neno. Mika akainua mkono kuonyesha limefika. Kisha akasema kwa sauti nene ya baba yake, bila kugeuka kutazama jikoni.

"Mwambie hakuna wa kumtoa hapa. Mwambie mwanangu amekosa, na ninamjua, hana la kujitetea. Lakini yuko njiani. Asichoke kumsubiri."

Alinanuswe aliuachia mwimo wa mlango. Severina alisimama na begi mkononi, akawatazama wazazi wake wasiotazamana, halafu akazitoa nguo na kuzirudisha kabatini moja moja. Walikubaliana na Bibie azidishe saa zake, na mlango wa nyuma uwekewe ngazi yenye kishikio, mama asije akaanguka tena. Saa nane Severina aliwahi basi la Iringa, hakungoja chakula.

Chakula kilipakuliwa. Bibie akamletea Mika sahani ya baba mkwe, wali umejaa, nyama ya mgongo na shingo. Mika aliipekua kwa kijiko. Firigisi haikuwepo, na firigisi ya kuku ni ya mwenye mji, hilo hata mtoto analijua.

Bibie akainama. "Kamwekea Mika, shemeji. Kaificha chini ya wali, eti usije ukaiona."

Mzee Mika alicheka, na kicheko hakikukaa. Alifuta macho kwa kiganja, akala shingo yake mpaka mfupa. Jua lilipoanza kushuka, Bibie alikwenda jikoni kimyakimya, akaitoa sahani iliyofunikwa rafuni na kumletea barazani. Alimwambia ale tu, ni yake, chakula kitaharibika bure.

Mika aliigusa ile sahani kwa vidole. Kutoka jikoni ilisikika Alinanuswe akifagia na kuimba taratibu, kama mtu aliyepata habari njema.

"Irudishe, Bibie," alisema. "Mwenyewe bado hajafika."