Mstari wa Rangi ya Kucha Kwenye Bolti za Baiskeli Yangu

Admin, nifiche jina na kituo changu cha kazi, maana mume wangu naye hupitia ukurasa huu na kucheka visa vya watu. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka 33, muuguzi, kwetu Singida. Kazi ilinileta Kibondo, nikalia wiki nzima, halafu nikaolewa hapa hapa na Muha wa Kasulu, mwalimu wa shule ya msingi. Tuna binti mmoja, Lea. Mdomo wangu ni mwepesi, nakiri mapema, kwa sababu ndio ulioniponza.

Natoa huduma ya mkoba, nawafuata watoto wa chanjo vijijini mpaka kule Mabamba karibu na Burundi. Mwaka jana dada mmoja Mzungu wa mradi wa lishe alikuwa anarudi kwao, akaniachia baiskeli yake ya umeme ya kupandia milima. Jamani, ni nyepesi, nainyanyua kwa mkono mmoja na kuivusha mfereji. Betri imefichwa ndani ya fremu, mota haina kelele. Wewe unakanyaga pedali, yenyewe inakuongezea nguvu. Alinifundisha kuiweka sawa mwenyewe, maana mafundi wa hapa hawajawahi kuiona. Upepo wa shokapu ya mbele unajazwa kulingana na uzito wako. Matairi usiyajaze yakawa magumu, kwenye changarawe zetu yatateleza. Na bolti mbili zinazobana shingo ya usukani uzikaze vizuri, kwa sababu zikilegea utageuza usukani na gurudumu litaenda linakotaka lenyewe.

Jumamosi nikiitengeneza, mume wangu alikuwa anakaa pembeni ananipa spana. Siku moja akaniuliza, "Na hizi zinashika nini, Mama Lea?" Nikamjibu kwa maringo, "Hizo ndizo roho yangu, zikilegea utaoa mwingine." Tulicheka.

Sasa kosa langu. Huku wanaume wengi wana baiskeli, na mtu akifika mlimani anashuka anasukuma, hakuna anayemcheka mwenzake. Siku moja ya soko nilimkuta mume wangu anasukuma yake na mkungu wa ndizi nyuma, yuko na walimu wenzake na majirani, jasho linamtoka. Ningepita na salamu tu yangeisha. Mimi nikapiga kengele, nikasema kwa sauti, "Baba Lea, nikuvute?" Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Ewe mwalimu, funga kamba, mkeo akukokote!" Nikapanda mlima nimekaa, nikafika juu nikampungia mkono. Jioni nilimwomba radhi. Akaitikia kwa Kiha, "Ego, yameisha," akaendelea kula. Tangu siku hiyo wale wanaume wanamwita Mzigo, na yeye nyumbani hajanitania tena hata mara moja.

Yule dada alikuwa amenifundisha kitu kimoja zaidi. Ukishakaza bolti, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye bolti hadi kwenye chuma. Bolti ikizunguka, mstari unakatika na unauona kwa macho. Mume wangu aliwahi kuniona nikipaka akadhani ni urembo wa kike, nami sikumweleza.

Wiki tatu zilizopita nilikuta mistari yote miwili imekatika. Nikalaumu barabara, nikakaza, nikachora upya. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo, baiskeli ikakaa stoo siku nne sijaigusa. Ufunguo wa stoo tunao sisi wawili tu. Nilipoitoa, bolti zote mbili zilikuwa zimerudi nyuma mzunguko mzima, usukani unacheza mkononi. Baiskeli iliyosimama stoo imetikiswa na nini? Nilikaa kwenye gunia la mahindi mpaka Lea akaja kuniuliza naumwa nini.

Nilikaza, nikachora upya. Nikampigia mama mkwe wangu aliyeko Kabanga, nikamzungusha kwa maneno, nikimuuliza kama mwanawe ana shida yoyote. Akaniambia, "Huyo tangu mdogo akikasirika hasemi. Kaa naye vizuri, mwanangu." Simu ilipokatika nikazidi kuogopa.

Jumamosi iliyopita mistari ilikuwa imekatika tena. Safari hii niliziacha bolti vilevile nimjaribu. Alikuwa anakwenda kwenye kikao mjini, na zamani alikuwa ananibembeleza nimwazime. Nikamwambia, "Baba Lea, chukua yangu, utafika hujachoka." Naapa, angeigusa tu ningemzuia mlangoni, nikapiga magoti kumwomba msamaha kwa kumfikiria vibaya. Aliangalia shingo ya usukani, hakuniangalia mimi. Akasema, "Acha tu, nitatembea." Akatoka kwa miguu, mvua inaanza.

Nampenda huyu mwanaume. Nikienda polisi, ushahidi wangu ni rangi ya kucha, watanicheka. Nikinyamaza, ipo siku nitasahau kukagua. Na kama nimemkosea, nitakuwa nimevunja nyumba yangu kwa mara ya pili kwa mdomo huu huu.

Alhamisi ni zamu ya Mabamba. Leo nimerudi kazini nikakuta ameifuta baiskeli tope na kuijaza betri, kitu ambacho hajawahi kufanya. Amenikaribisha chakula kwa upole, kisha akaniuliza, "Alhamisi utapita ule mteremko mrefu, au utazunguka?"

Nimejifanya naitwa na mtoto, nimejifungia chumbani naandika haya. Yuko mezani bado ananisubiri. Ndugu zangu, nimjibu nini?