Mzee Elia na Herufi ya Nchi

Mzee Elia alinitia wazimu. Nasema hivyo na heshima yake iko palepale, maana ana miaka hamsini na nane, ni rika la baba yangu, na kila jioni nilianza somo kwa kumwamkia shikamoo. Hebu jaribu wewe kumgombeza mtu uliyemwamkia dakika mbili zilizopita!

Watu wa Kilosa wanamjua kwa brashi yake. Babu yake aliletwa kukata mkonge, baba yake akatengeneza reli, yeye akaandika vibao: mabucha, gesti, shule, mpaka Mikumi huko barabarani. Kisha yakaja mabango ya kuchapishwa kutoka Morogoro, na watu walewale aliowaandikia miaka thelathini wakawa wanampita kama hawamjui. Washenzi. Samahani, lakini ndivyo walivyo.

Ndipo kampuni moja ya Wachina ikaja kufufua mkonge upande wa Rudewa. Ikatangaza inatafuta mtu mmoja wa kuandika lebo za marobota kwa mkono, kwa Kichina na Kiswahili. Mzee Elia akanifuata kwenye chumba ninachofundishia, karibu na stesheni.

"Mwalimu Vaileth, hii kazi ni yangu," akasema. "Nikiikosa, brashi naitupa."

Kichina nimekisomea Dodoma miaka mitatu, na nilifundishwa kwa ukali. Herufi ya Kichina haichorwi, inaandikwa, na kila mstari una zamu yake. Chukua herufi ya "nchi", ambayo ingekuwa kwenye kila lebo. Ni sanduku lenye vitu ndani. Unaanza na ukuta wa kushoto, unapiga wa juu ukishuka nao kulia, unaandika vya ndani, na mstari wa chini unakuwa wa mwisho kabisa. Unaingia ndani kwanza, ndipo unafunga mlango. Sasa Mzee Elia anafanyaje? Anapiga fremu nzima kama kibao cha bucha, halafu anajaza katikati! Na inatoka nzuri kuliko yangu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mzee, umefunga mlango na wewe uko nje!"

"Lakini si imefanana, mwalimu?"

"Sitaki ifanane! Chana, anza upya!"

Miezi minne alichana. Madaftari yaliisha. Wanafunzi wengine walikuwa wanacheka chini chini, na mimi sikuwakanya, maana nilikuwa nimekasirika mno hata sikuiona aibu yake.

Siku ya mtihani nilimsindikiza Rudewa. Walibaki wawili tu, yeye na kijana anaitwa Brayan, ambaye mwandiko wake ni kuku kaparua. Kila mmoja akapewa kadi thelathini, hakuna ya ziada. Nikasimama dirishani.

Mzee Elia aliandika taratibu, midomo inahesabu mistari. Akamaliza kadi, nzuri ajabu. Akaitazama. Akaichana.

Mungu wangu! Nikagonga kioo. Hakunisikia. Akaandika mbili, tatu, akachana nyingine. Na msimamizi, Mchina aliyeketi mbele yao, alikuwa anachezea simu, hamtazami mtu yeyote mkono.

Mwisho Brayan alikuwa na lebo thelathini. Mzee Elia alikuwa na kumi na tisa. Msimamizi akahesabu, akampa Brayan kazi.

Nikaingia, nikamvaa msimamizi palepale, kwa Kichina, nikamwambia kwamba yule kijana hajui hata mstari upi unaanza. Wala hakupandisha sauti. "Mteja anasoma lebo," akanijibu. "Mkono wa mwandishi yeye hauoni."

Nikatoka. Nilitaka nimtukane msimamizi, nimtukane Brayan, nimtukane na huyu mzee mwenyewe. Nikamkuta nje, anakung'uta suruali.

"Mzee, kwa nini ulizichana? Zilikuwa nzuri! Wangezipokea zote!"

"Nilifunga mlango kabla ya kuingia, mwalimu. Mkono ulinisaliti mara kumi na moja."

Hasira yote ile, na wa kugombezwa nilikuwa mimi.

"Ila umeona?" akasema, na uso wake ukakunjuka. "Leo hukunikumbusha hata mara moja. Niligundua mwenyewe."

Akanitazama, anasubiri nimsifu.